Mbuzi wa Mjomba Kwenye Kamati ya Maadili

Mwenzenu mpaka leo nikipita pale ukumbi wa halmashauri naangalia upande wa pili wa barabara, kwa sababu kuna mlinzi mmoja akiniona tu anauliza, "Mheshimiwa, leo mnakula nini?" na anajua kabisa anachouliza. Kuumbuka nimeumbuka, sikatai, ila afadhali mlisikie kwangu kuliko kulisikia Segera, maana kule wauza machungwa wameshaongeza na ng'ombe ambaye hakuwepo.

Mimi ni diwani huku Handeni, na wakati ule nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maadili, ile inayosikiliza malalamiko dhidi ya madiwani wenzetu. Kazi hiyo niliipenda kupita kiasi (mke wangu anasema siku ya kikao nilikuwa nachana nywele mara mbili, na nywele zenyewe mnaziona), na nilikuwa na hotuba yangu ya mgongano wa maslahi niliyoikariri mpaka naiota: kiongozi akiwa na ndugu au biashara au chochote kinachomgusa katika jambo linaloamuliwa, aseme kabla hajaulizwa, kisha atoke nje. Nilikuwa nikifika kwenye "atoke nje" nanyoosha kidole mlangoni.

Basi likaja lalamiko la Mama Zaina. Ni mama mtu mzima, mkulima wa mahindi, wa kata moja ukishapita Sindeni ambayo sitaitaja. Kijiji chao kilipata kisima cha pampu, wakakubaliana mkutanoni kichimbwe karibu na shule ili kila kitongoji kifikie, lakini diwani wao akazungumza na huyu, akazungumza na yule, mpaka kisima kikaenda kuchimbwa ukingoni mwa shamba lake, palepale anapofyatua matofali ya kuuza. Ndiyo maana tulikuwa tunamwita Mheshimiwa Matofali. Kitongoji cha Mama Zaina kikabaki na lambo, ng'ombe anakunywa upande huu na mtu anachota upande ule. "Mwanangu, mimi sitaki afukuzwe," aliniambia. "Mimi nataka maji." Nikamwambia mama umefika penyewe, kwangu haki haipindishwi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Wiki hiyohiyo akanipigia simu dada yangu Mwanaidi, aliyeolewa Korogwe. Binti yake Rehema amepata mchumba, na kwetu mjomba ndiye anayeletewa mbuzi wa posa. Mjomba akimchinja basi amekubali, hakuna kurudi nyuma. "Kaka, kijana mwenyewe nimeshamwona," akasema, "ana adabu, amelelewa na bibi yake mzaa mama kule Vugiri. Ila upande wa baba siujui. Wewe kazi yako ni moja tu, muulize mshenga ukoo, ndipo upokee mbuzi."

Kazi moja tu, jamani.

Mshenga akaja, Mzee Hoza, mtu wa kofia na maneno ya kuzunguka, akaanza kwamba wameona ua limechanua na wao wana kiu ya kivuli (sikuelewa ua lina kivuli gani, lakini nilitikisa kichwa). Pembeni yake kafungwa beberu mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, kanona mpaka anatembea kwa kuyumba. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niulize ukoo, mzee akamgeuza yule mbuzi kidogo nikaona paja. Swali likapotea. Nikajiambia ukoo nitamuuliza siku akirudi kuchukua jibu, na kwani watu wa Korogwe wana ubaya gani, nikapokea kamba.

Siku ya kusikiliza shauri la kisima ikafika, na asubuhi tukaambiwa kikao hakina fungu la chakula. Wajumbe wakanuna. Mimi nikaona hapa ndipo mwenyekiti anapoonekana, nikampigia simu mke wangu: chinja yule mbuzi, pika ugali wa kutosha, nakuja na watu. Akauliza, "Umeshamjibu dada yako?" Nikamwambia hayo ya dada yatafuata, watu wana njaa.

Mchana nikawachukua wote mpaka nyumbani, nyumba yangu haiko mbali. Na niliposema wote ni wote: wajumbe wa kamati, mwanasheria wa halmashauri (binti mmoja mkimya, hana mzaha), Mama Zaina, na hata Mheshimiwa Matofali mwenyewe, maana nilisema kwa sauti kubwa kwamba chakula hakina kesi. Watu walikula jamani. Mama Zaina alirudia mchuzi. Matofali tu ndiye alikaa akiangalia ukutani ambako ngozi ilikuwa imeanikwa, akaniangalia mimi, akaangalia ngozi tena, akatabasamu, akachukua paja.

Tukarudi ukumbini tumeshiba. Kabla ya uamuzi nikasimama nikatoa hotuba yangu yote, na kidole nikanyoosha, kisha nikawauliza wajumbe mmoja mmoja kama wana maslahi yoyote na mshtakiwa. Hapana. Hapana. Hapana. Mimi nikamalizia, "Na mwenyekiti wenu hana naye undugu, hana naye biashara, hajawahi kula hata chembe ya kitu chake."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Hoza. Alikuwa amefuata jibu nyumbani, akaikuta ngozi imeanikwa, mke wangu akamwelekeza ukumbini. Akasimama pale katikati, akamtazama Matofali, akanitazama mimi, uso ukamng'aa.

"Alhamdulillahi! Mbuzi ameshachinjwa na wakwe mmekaa pamoja! Mimi nilidhani nina kazi ya kuwakutanisha!"

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Wakwe gani, mzee?"

"Si baba wa bwana harusi huyu hapa?" akamshika Matofali begani. "Na mjomba wa bibi harusi wewe hapo?"

Nikakaa. Mwanasheria akaweka kalamu chini. "Mwenyekiti, yule mbuzi tuliyemla ni wa nani?"

Akajibu Matofali, bila haraka: "Wangu. Nilimtambua kwa lile baka. Nilidhani mkwe anajua, nikasema huyu mtu ana moyo, anamla mbuzi wangu na ananihukumu mimi."

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, wajumbe wakapigana vibao mgongoni, mlinzi akachungulia dirishani kuuliza kuna nini (ndipo alipojulia). Mwanasheria akasubiri wanyamaze, akasema kamati nzima imeshakula kwa mshtakiwa, haiwezi kuamua, itafutwe kamati nyingine.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Zaina alisimama akajifunga khanga yake vizuri. "Kwa hiyo na mimi nimekula mbuzi wake," akasema. "Na nilirudia mchuzi. Haya, mwanangu. Na maji yangu je?"

Hapo ndipo aibu iliponiingia sawasawa. Kuchekwa si kitu. Lakini yule mama alikuwa amenifuata mimi kwa sababu nilimwambia amefika penyewe, na sasa anarudi kwenye lambo kwa sababu ya paja la mbuzi.

Uenyekiti niliuacha mwenyewe kabla hawajaniambia. Wakateuliwa wajumbe wengine, wakalisikiliza upya shauri (mimi nje, uani, kama nilivyokuwa nawaambia wengine), Matofali akapewa onyo, na bomba likavutwa mpaka kitongoji cha Mama Zaina, ingawa lilichelewa, na kila wiki liliyochelewa naihesabu kwangu. Dada yangu alinisema mpaka simu ikapata moto. Ila harusi ikafungwa, maana mbuzi alishachinjwa.

Mama Zaina nilimwalika, akaja. Sahani ya pilau ikafika mbele yake, akachukua mnofu, akauinua juu watu wote wauone, akaniita kutoka upande wa pili wa turubai: "Mjomba! Nyama hii ya nani?"

Watu wakanigeukia. Nikasimama nikamtaja mwenye mbuzi wa pilau ile, na baba yake, na babu yake, na ukoo, na mahali alipomnunulia. Nilipomaliza akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao, nimeuliza mwenyewe. Ndipo akala.