Jina Alilochagua Muli

Mume wangu Muli alipenda vitu vipya. Mtu akitokea pale Athi River tulikoishi na shati la kola ya ajabu, Muli lazima aulize limenunuliwa wapi. Yeye alipakia saruji kiwandani na jioni alirudi kope zimekuwa nyeupe kama za mzee. Mimi nilishona kola za mashati kule EPZ, kwenye viwanda vya nguo za kuuzwa nje. Niliishia darasa la nane, lakini maandishi ya maboksi nayasoma. Kila boksi liliandikwa mji wa ng'ambo linakokwenda, na nikifika nyumbani Muli aliniuliza, "Leo mmetuma wapi?"

Siku niliyomwambia Denver, aliacha kunawa.

"Rudia."

"Denver."

"Hilo ndilo jina la kijana wangu."

Mimba yenyewe ilikuwa hata haijaonekana. Nikamwambia kwanza anaweza kuwa msichana, halafu kwao kijana wa kwanza ni wa kuitwa babu yake, Ndambuki.

"Akina Ndambuki wametosha," akasema. "Ukiita mmoja sokoni wanageuka wanne. Huyu wangu akiitwa, ageuke peke yake."

Tangu siku hiyo alikuwa akiongea na tumbo langu tukila. "Denver, mwambie mama yako chumvi imezidi." Majirani wa ploti tuliyopanga walisikia, nao wakaanza kuniita Mama Denver kabla sijazaa.

Mimba ilikuwa ya miezi saba lori lilipomgonga Muli akivuka barabara kwenda kazini asubuhi. Juu ya siku hiyo sina mengi ya kuandika. Tulimzika kwao Katelembo, na mama yake akanikataza kurudi Athi River. Jina lake ni Kalondu, lakini mimi nilimwita Mwaitu, yaani mama, kama vile Muli alivyomwita. "Huko utakaa na nani?" akaniuliza. "Zalia hapa." Aliniwekea godoro upande usiovuja, akawa ananipikia uji wa wimbi, ilhali yeye mwenyewe hakuwa akila. Binti zake walikuwa wameolewa mbali. Kijana alikuwa na mmoja tu, na ndiye huyo tuliyemzika.

Nikajifungua mvulana.

Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina siku ya tatu, na wanaompa ni wanawake, si yule aliyezaa. Nyanya yake ndiye humshika na kumwita mara ya kwanza. Kwa hivyo asubuhi ya siku hiyo, tukimwosha mtoto pamoja, nilijikaza nikasema, "Mwaitu, Muli alikuwa amemchagulia jina."

Hakuinua kichwa. "Huyu ni Muli."

"Lakini yeye alitaka..."

"Najua mlikuwa na maneno yenu huko Athi. Huyu ni Muli."

"Sitaweza, Mwaitu. Nitamkemeaje? Nikitaka aje kula, nitakuwa naita nani?"

Alikamua kitambaa polepole, akakianika kwenye ukingo wa karai. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mutanu, wewe uko mdogo," akasema. "Utapata bwana mwingine na mimi sitakuzuia. Mimi kijana mwingine nitampata wapi?"

Nilimfunga mtoto kwa leso, nikamkabidhi.

Wanawake walipokuja, Mwaitu alimtoa mtoto mlangoni kwenye jua. Hakumwita vile mtu huita kitoto kichanga. Aliita kwa sauti ya mama anayeita kijana wake ng'ambo ya bonde: "Muli! Muli wee!" Vigelegele vikapigwa, mtoto akashtuka, akaanza kulia.

Sasa, kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anataniwa kama ndiye mtu huyo. Bibi mwenye mjukuu anayeitwa jina la mumewe ataambiwa mchana kutwa kwamba bwana yake amejikojolea. Jirani yetu Mbinya ni mtu wa mizaha, na mdomo wake ulifuata mazoea.

"Haya Mutanu, mpokee bwana yako! Ametoka kazini na njaa!"

Hakuna aliyecheka. Mbinya alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. "Woi, mama, nisamehe. Ni mdomo tu." Nilimchukua mtoto nikamnyonyesha, nikiangalia chini, na wale wanawake wakaanza kuongea kwa fujo habari za mvua.

Baada ya hapo, mimi nilimwita mtoto "wewe". Nikitaka kumbembeleza, "kababa". Mwaitu ndiye alikuwa na Muli huku na Muli kule tangu alfajiri. Muli amekataa uji, Muli ameota jino. Nilimwona akianza kula tena. Alirudi kulima, akarudi kanisani. Ningewezaje kumnyang'anya?

Tukibaki wawili, mimi na mtoto, nilijaribu lile jina letu sikioni mwake. Hakugeuka. Lilikuwa tamu mdomoni mwa baba yake. Kwangu lilitoka tu kama jina la boksi.

Alipoanza kutambaa, siku moja nilikuwa naanika nguo nje, na muthokoi wa mahindi na maharagwe ulikuwa ukitokota jikoni kwenye mafiga. Kugeuka, naona mkono wake uko kwenye kuni, karibu kabisa na moto.

"Muli!"

Sikulichagua. Lilitoka lenyewe, kwa sauti yote niliyo nayo. Mtoto akasimamisha mkono, akanigeukia, akacheka. Nikamrukia nikamvuta.

Nikasikia mbio. Mwaitu alikuwa anatoka shambani kwenye kunde, kitambaa cha kichwa kimeanguka, jembe ameliacha huko. Hakumwangalia mtoto. Aliangalia njia inayopanda kutoka barabarani, akaniangalia mimi, akaangalia njia tena.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, Mwaitu. Hajaungua."

Alimtazama mtoto kama mtu aliyeletewa kitu ambacho hakuagiza. Akashika mwimo wa mlango.

"Vile umeita," akasema, "nikadhani umemwona njiani."

Kisha akaketi pale chini kwenye vumbi, akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia. Nikakaa karibu naye. Muthokoi uliungua, tukasikia harufu, na hakuna aliyeinuka. Mtoto alitambaa katikati yetu, akivuta leso ya huyu, akivuta ya yule, na kati yetu hakuna aliyeweza kumwita.