Shangazi Aliuma Palepale

Juzi nilikuwa Katesh kwa mjukuu wangu. Nimekaa zangu kwenye stuli, harufu ikanijia. Chizi imechuruzika kwenye chuma cha moto, inaungua pembeni, na mafuta ya nguruwe yanalia chini yake. Mjukuu ana kimashine cha umeme, anabana mkate humo kama anapiga nguo pasi. Akaniambia kwa kile kisauti chake cha puani, "Bibi, hii inaitwa tosti. Ni kitimoto cha jana. Utaiweza kweli?"

Nikamwambia mama yako hajazaliwa mimi nimeshaijua. Akacheka, akaona bibi kaanza kuchanganyikiwa. Sikumbishia, alikuwa na haraka ya kazini. Nawaambia ninyi.

Nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama, shule sikupelekwa, kwetu huku Bashay. Mama alizaa mtoto wa kiume, mtoto akafa bado ananyonya. Zamani kwetu mtoto anayenyonya akifa, nyumba nzima inatengwa. Tunaita metimani. Hamwendi kwa mtu, mtu haji kwenu, maji mnachota pembeni, upande wa chini. Kula na ninyi ndiyo kabisa. Anayekula na ninyi naye ameshakuwa wa humo, atakaa humohumo mpaka muda uishe, na muda wenyewe mrefu, mvua zinapita zinarudi. Watu hawakuwa wabaya. Waliogopa kifo kisiwafuate nyumbani, hasa wenye watoto.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa anatuletea chakula, anakiweka kwenye jiwe pale kwenye ua wa minyaa, anarudi nyuma, ndipo anaita. Sauti yake nene kama ya dume la ng'ombe. "Nimewekaaa. Chukueni nikishafika kule." Mimi naenda kuchukua, nikirudi namwigiza mbele ya Mama, natembea kinyumenyume na kiuno nimekishika. Zamani Mama angecheka mpaka akae chini. Sasa ananiangalia tu. Ugali wake unakauka. Maziwa ya marehemu yanamlowesha kanga kifuani, na mwenyewe hali. Baba akirudi kuchunga anafunua sufuria, anaona chakula kiko vilevile, anafunika. Hata mimi niliona kwamba Mama anamfuata mtoto wake.

Sasa Shangazi, dada yake Baba, alikuwa mpishi kwa wazungu, mashamba ya ngano kule Basotu. Sisi tulimwona kama waziri. Ana viatu vya kufunga kamba, ana mshahara, na akija anatuigizia mama mzungu wake. "Wewe chukua hii nyama ya jana, mimi hapana taka." Kuigiza nimerithi kwake, msinilaumu.

Siku moja mchana nikamwona anakuja na kikapu kichwani. Pale kwenye jiwe hakusimama. Bibi yuko nyuma anamwita, "Wewe, weka hapo. Weka hapo urudi." Shangazi akapita kama aliyeitwa ni mbuzi. Nikamwamkia shikamoo kwa mbali, kama nilivyozoeshwa. Akaja akanishika kichwa. Mkono wa mtu wa nje sikuwa nimeusikia siku nyingi, nikashtuka kama nimemwagiwa maji.

Akatoa vitu. Mkate wa ngano. Kipande cha nguruwe aliyeokwa, kiporo, mafuta yameganda meupe. Na kipande cha njano, kigumu. Nikajua sabuni. Nikajiambia Shangazi amekuja kumfulia Mama, ni vizuri, kanga ile ilikuwa inanuka.

Kumbe anapika. Akakata slesi nene, nyama akaichana nyembamba, na ile sabuni akaikwangua juu yake kwa kisu. Akaweka kikaango kwenye mafiga, samli, mkate juu. Halafu akachukua lile jiwe dogo la kusagia, akalifuta kwa kanga yake, akakandamizia. Ikalia. Sabuni ikayeyuka, ikatoka pembeni, ikaungua. Harufu ile ikajaa tembe nzima, upande wa ng'ombe na upande wetu. Nikamwona Mama amegeuza kichwa.

"Wifi, weka hapo uende," Mama akasema. "Utakosa kazi."

Shangazi akampa mkononi. "Onja tu. Mimi ni mpishi, nataka kujua kama chumvi imekolea."

Mama akauma kidogo, kwa kumhurumia. Chizi ikavutika kama uzi. Shangazi akaichukua ile tosti mkononi mwake, akaigeuza, akatafuta pale palipoumwa, akauma palepale. Akatafuna. Akameza.

Mama akamkamata mkono. "Umefanya nini?"

"Nimekula. Sasa niko na ninyi. Na wewe kula, nisije nikawa nimefukuzwa kazi bure."

Mama akalia. Tangu tumzike mtoto sikuwa nimemsikia akilia. Akawa analia na anakula, kamasi na chizi pamoja. Na mimi niko pembeni nahesabu matonge. Nilichoona mimi ni kwamba Shangazi mlafi. Anakula nyama nzuri kwa wazungu kila siku, bado anakuja kumega ya mgonjwa.

Kazi akapewa mwingine. Viatu vya kamba vikaisha kwenye shamba letu, akilima na Mama, mpaka tulipofunguliwa.

Nikakua, nikaolewa Mogitu, na mimi nikazika wa kwangu, bado ananyonya. Wakati huo desturi ilikuwa imelegea. Watu walikuja, walikaa, walisali. Chai walikunywa. Lakini kikombe changu nikikiweka chini, hakuna aliyekigusa. Nilikiangalia kile kikombe mpaka nikamkumbuka Shangazi, nikatafuta basi nikaenda kwake.

Alikuwa ameshakuwa kikongwe, macho hayaoni. Nikamuuliza, Shangazi, siku ile, ulijua unaacha nini?

Akatoa ile sauti ya mama mzungu wake. "Mimi hapana jua."

Tukacheka, machozi yananitoka. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akachukua kikombe changu cha chai, akakigeuza taratibu kwa kidole, akatafuta upande nilionywea. Akanywa hapo.