Dorkasi Aliponiita Kutoka Juu ya Nyiragongo

Mwanangu, siku ile ya Nyiragongo, ule mlima wa moto, haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa msichana bado, mwenye haya nyingi. Mgeni akiingia kwetu kwa mlango wa mbele, mimi natoroka kwa mlango wa jikoni.

Rafiki yangu Dorkasi ndiye aliyekuwa na sauti. Kwetu Djugu mashamba yetu yalitazamana, lao upande mmoja wa bonde, letu upande wa pili. Jua likielekea kushuka, yeye anaita, "Weee!", nami naitika, ndipo tunabeba majembe na kurudi pamoja. Hakuna aliyetangulia. Huko niliitika bila shida, maana hapakuwa na mtu wa kunitazama.

Mwaka mmoja tukaenda Goma kumtembelea yaya wake, kaka mkubwa, aliyekuwa akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Akakubali kutupandisha na sisi. Tuliondoka asubuhi, tukapita msituni, kisha tukafika kwenye mawe meusi yaliyomwagwa na moto wa zamani, makali, yanayoviringika chini ya mguu. Karibu na kilele unapanda kwa mikono na miguu. Hapo watu hupita mmoja mmoja, maana jiwe likimtoka wa juu linampiga wa chini. Aliyefika anaita, wa chini anaitika, halafu anapanda.

Dorkasi akatangulia. Ukungu ukamfunika. Baadaye nikasikia, "Weee! Kuja!"

Nyuma yangu wageni na vijana wa mizigo walikuwa wamesimama, nikaona kama wote wananitazama mimi. Nikaitika kwa sauti ya kifaranga. Akaita tena. Nikaitika vilevile. Basi mawe yakaanza kuporomoka: Dorkasi alikuwa anashuka kunitafuta. Jiwe moja likapita karibu na sikio langu, kisha yeye mwenyewe akatokea, magoti yanatoka damu.

"Weye! Nilizani umeanguka! Juu ya nini hauitike?"

"Nilisikia haya. Watu iko mingi."

"Haya gani? Hawa wageni wote wanahema kama mbuzi, nani atakuangalia weye?"

Vijana wa mizigo wakacheka. Yeye hakucheka. "Nikikuita, itika na nguvu. Nisipokusikia, nitarudi tu."

Akapanda tena, akaita, na mara hii niliitika mpaka yaya wake, aliyesimama karibu nami, akaziba masikio. Juu kabisa tulisimama tumefunikwa kitenge kimoja, baridi inatuuma, na chini yetu moto unanguruma ndani ya shimo kubwa. Tulikuwa na furaha, mwanangu. Sijui nikueleze namna gani.

Miaka ikapita. Vita vikatukuta mashambani, kila mtu upande wake wa bonde. Nilimsikia Dorkasi akiita. Niliitika kwa nguvu zangu zote, lakini risasi zilikuwa nyingi. Wengine wanasema alivuka ziwa, yuko Uganda. Mimi huwaza jambo moja tu: kama alinisikia, au kama alirudi kunitafuta.

Siku hizi, hapa mtaa wa Nyakasanza nilikokimbilia, mwanamke akiita "Weee!" sokoni, naitika kabla sijageuka.

"Mama, si weye tunaita!"

Najua. Naitika tu.

Kwa hiyo, mwanangu, anayekupenda akikuita, itika asikie. Usiache haya yako imrudishe kwenye mawe. Mungu akupe mtu wa kukuita jua likishuka, akupe na sauti ya kuvuka bonde, mrudi nyumbani pamoja.