Ekipe yetu imehamia Muyinga, na mimi naifuata kwa siri

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mtaani kwetu Nyamugari tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nne, fundi cherehani hapa Gitega, mwenye kipara, na tumbo limeanza kunitangulia njiani. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti yangu ameolewa Magarama, si mbali, lakini ana watoto wadogo na maisha yake. Msinihurumie sana. Nakula vizuri, tumbo nimeshawaambia.

Kilichonishikilia baada ya msiba ni mpira. Tulikuwa na ekipe yetu ya daraja la pili, ile ambayo kila mwaka watu wanasema safari hii tunapanda, halafu hatupandi. Mimi ndiye nilikuwa nashona namba na nembo kwenye jezi. Uwanjani tulikaa wazee wanne mahali pamoja, na msemaji wetu alikuwa Kasimu, muuza masufuria. Tulimsema refa, tukamfundisha kocha kazi yake kutoka mbali, tukarudi kwa miguu tukibishana. Nikifika nyumbani sauti imekauka, nalala. Aliyefiwa atanielewa, kulala ni jambo kubwa.

Bon, msimu uliopita viongozi walishindwa kuiendesha. Ekipe ikachukuliwa na watu wa Muyinga, mji wa mbali na hapa: nafasi yake kwenye ligi, wachezaji, hata mipira, kisha ikapewa jina jipya. Jezi mpya zilichelewa, kwa hiyo wakaniletea zile za zamani nitoe nembo yetu, niweke ya kwao. Nikakaa na wembe nafumua uzi nilioushona mwenyewe. Jezi zilikuwa zimepauka kwa jua, lakini pale chini ya nembo rangi ilikuwa bado mbichi. Nikafunika, nikapiga pasi, nikakabidhi. Kasimu aliponiangalia vibaya nikamwambia kazi ni kazi.

Wenzangu wakasusa mpira. Kila mmoja akabaki kwake. Miezi ikapita hakuna aliyenipigia simu, na mimi sikupiga, tusidanganyane. Jumapili zikawa ndefu. Nilikuwa naongea na cherehani, na nadhani hata yenyewe ilichoka.

Siku moja nikapanda gari la Muyinga. Nikajiambia naenda kuangalia tu kama nembo hazijabanduka. Nikakaa katikati ya watu nisiowajua. Mechi ikielekea mwisho, kapteni wetu akafunga kwa kichwa. Mimi huyo nikasimama, mikono juu, nikaita jina la zamani la ekipe. Peke yangu. Uwanja mzima upande ule ukageuka. Mama mmoja muuza karanga akanivuta shati polepole.

"Muzee, hiyo ekipe haiko tena. Kaa, utaanguka."

Wakacheka, nami nikacheka. Ningefanya nini, na kipara kinang'aa hivi?

Baada ya mechi kapteni akanifuata. Ni kijana wa Bukirasazi, zamani alikuwa anakuja kwangu kushonewa soksi na kumaliza chakula changu. Akauliza kama nimetoka Gitega kwa ajili yao. Nikasema hapana, nimefuata vitambaa. Hakuamini.

Tangu siku hiyo, wakicheza kwao na mafuta yakipatikana magari yatembee, mimi niko Muyinga. Najificha kama mtu mwenye nyumba ndogo. Binti yangu nimemwambia nafuata vitenge. Kasimu, ambaye siku hizi tunagongana kituo cha magari na kusalimiana tu, nimemwambia nina shangazi mgonjwa kule. Shangazi huyo, ambaye hayupo, amezidiwa mara nyingi hadi Kasimu ameanza kumwombea msikitini. Siku gari lilipokosekana, jioni kapteni akapiga simu.

"Papa, leo hatujakuona. Uko mzima?"

Tangu msiba hakuna aliyeniuliza hivyo, siku ya kawaida tu, bila sababu.

Sasa viongozi wa Muyinga wanataka nihamie kule nitunze jezi, nipewe chumba kwenye nyumba wanayokaa wachezaji. Nilifurahi kama bibi harusi. Mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa kapteni.

"Papa, mi msimu ukiisha naondoka. Nimepata ekipe Bujumbura. Na wengine pia wanaondoka."

Si kosa lake, mchezaji anakula kwa miguu. Lakini nikajiuliza, nikienda kule nitakuwa nimemfuata nani?

Wiki hiyo hiyo Kasimu akaja kwangu. Wazee wameamka! Wameanzisha ekipe mpya, chini kabisa kwenye ligi ya mkoa, kwa jina letu la zamani, na wanataka nishone nembo na nikae nao kwenye kamati. Nilienda kuwaona mazoezini. Kupanda daraja tutakuona ahera. Mchezaji hata mmoja simjui. Tukinywa chai kwangu baadaye, Kasimu akaniambia, "Tumekukosa, bwana." Nilitaka kumuuliza, mbona hukupiga simu? Nikamuuliza kama aongezewe sukari.

Binti yangu nilimweleza yote, hadi uongo wa vitenge. Akaniuliza, "Papa, kwa nini hukusema kwamba uko peke yako?" Nikamjibu nilidhani inaonekana.

Ndugu zangu, Jumapili hii ekipe ya wazee inacheza mechi yake ya kwanza, na Jumapili hii Muyinga wanangoja jibu langu. Kule kuna vijana wananijali leo, kesho watatawanyika. Hapa kuna watu waliokaa miezi bila kujua kama napumua, lakini ndio waliomzika mke wangu, na pengine ndio watanizika mimi. Kucheka nimeshajicheka mwenyewe, mnaweza kuruka hiyo. Niambieni tu hivi: Jumapili asubuhi nikishafunga mlango, nielekee wapi?