Macho ya Mtu Aliye Mbali

Ofisini walimwita Pikseli, kile kitone kidogo cha picha, maana alikuwa mfupi na ukitaka kumwona vizuri lazima ukodoe macho. Kazi yake ilikuwa kuifundisha programu yao ya picha kufungua mafaili ya kila aina. Aina moja ilikuwa imewatoa jasho wote: picha za kuvalishwa miili ya watu wa kwenye gemu.

Dada yake, mchoraji wa gemu, aliacha faili moja la aina hiyo, lenye sura yake mwenyewe. Simu yenye picha zake nyingine zote ilizama naye siku alipokufa maji.

"Sura yake inanitoka," mama alimwambia. "Nitafutie hata moja, mwanangu."

Pikseli akakaza buti. Siku faili lilipokubali kufunguka, jirani yake wa meza aliweka kikombe chini. Uso ulikuwa umetandazwa bapa, masikio huku na huku, kama ngozi iliyoanikwa.

"Ndiye dada huyo?"

"Akivalishwa kichwa atakaa sawa."

"Mvalishe basi, kaka. Amefumba macho lakini naona ananisikia."

Pikseli akainyoosha picha, akampelekea mama. Mama aliitazama mara moja tu, akairudisha.

"Huyu nilimwona siku ya kumzika. Sikukuomba huyo."

Hapo Pikseli akakumbuka uvivu wake. Faili la namna ile hubeba picha kubwa ya kuonyeshwa mtu akiwa karibu, na nyuma yake nakala zinazozidi kuwa ndogo, za kuonyeshwa akiwa mbali. Yeye alisoma ile kubwa, nyingine akaziruka, kama wenzake wote wangefanya: nakala si nakala tu? Akarudi kuzisoma.

Kadiri picha ilivyopungua, ndivyo macho yalivyofumbuka. Kompyuta ikipunguza picha haifanyi hivyo. Mtu alizichora kwa mkono, moja moja. Katika ile ndogo ya mwisho yenye kutambulika, dada alikuwa akimtazama kwa macho makavu.

Alipoonyeshwa, mama hata hakushtuka. "Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Ukimsogelea anafumba, ukienda zako anakuchungulia."

Wakaikuza hiyo na kuichapisha, ikatoka na ukungu kidogo, wakamwita seremala aitundike sebuleni. Mama akahamia kiti cha mbali kabisa. Hapo hutazamana na bintiye mpaka chai ipoe.

Pikseli anajua vizuri kuwa wino haufumbi macho. Ila seremala, akishuka ngazi na nyundo yake, aliuliza kwa adabu mbona wametundika picha ya mtu aliyelala.

Chai yake Pikseli huinywea mlangoni, asimsogelee.