Mkalimani Aliyeomba kwa Sauti

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu hapa Buffalo, mzee wa kanisa alishika kipaza sauti kuongoza maombi. Siku za kazi mzee huyo ni mkalimani wa wakimbizi kwenye kliniki ya ushauri.

“Bwana,” aliomba, macho ameyafumba, “umlegeze moyo mama aliye kati yetu, anayemnyima mumewe kitanda kwa kisingizio cha vita.”

Tukaitikia amina, kisha tukaanza kugeuza shingo kumtafuta. Alisimama mwenyewe. Mumewe, kando yake, alitazama viatu.

“Ile maneno nilimuambia dokta, si weye,” mama alimwambia mzee. “Weye ulikuwa kinywa yangu tu. Nani alikutuma kuileta huku?”

Mchungaji akamwashiria akae, “Bon, mama, ikala kwanza. Tuko mu maombi.”

Mzee hakuambiwa kitu. Aliachiwa kipaza sauti amalizie.

Hasira haijanitoka. Mwanamke alipata mahali pamoja pa kusema kwamba mwili wake bado uko vitani, nasi tukamtangazia siri yake. Wananiambia mzee alikuwa na nia njema. Basi atubu kwa nia hiyohiyo, kwa kipaza sauti kilekile. Nitatangulia mimi, maana ile amina niliitoa kwa sauti kubwa.