Vijiti vya Wachuka katika Beseni la Ubatizo

Wachuka aliosha vyombo katika nyumba ya mzungu mmoja huko Dundori. Usafi wa roho yake ulijulikana kambi nzima ya wafanyakazi, maana aliutangaza mwenyewe. Mwaka wa hamsini na moja alimaliza mafunzo ya ubatizo, na wanawake aliokuwa akiwakemea kwa kuiba sukari ya bwana wakaambiwa wajizoeze kumwita Hana.

Tatizo lilikuwa dirisha la memsahib, mke wa mzungu huyo. Lilijaa mimea yenye majani ya mistari ya zambarau, na Wachuka aliitamani kuliko mbingu. Aliomba kijiti kimoja, akajibiwa kwamba maua yale si ya kambini. Basi akavunja vitatu, akavificha kifuani. Vilihitaji kukaa majini mpaka vitoe mizizi, lakini nyapara alikuwa na tabia ya kupekua nyumba za watu. Angeviweka wapi? Akajitolea kufagia kanisa, akavitumbukiza katika beseni la ubatizo, akalijaza maji, akarudisha kitambaa chake juu. Mchungaji Hiram hakuwa akija ila barabara ikikauka, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Jumapili iliyofuata mchungaji akashuka kutoka lori la viazi.

Mzee Nderitu, mtunza kanisa, alisikia maji yakicheza chini ya kitambaa. Akamshukuru Mungu kwa kumwondolea safari ya mtoni, wala hakufunua.

“Umemkataa Shetani na kazi zake zote?” mchungaji akauliza.

“Nimemkataa,” akasema Wachuka, macho kwenye beseni.

Mchungaji akachovya mkono, ukatoka na kijiti chenye mizizi kama ndevu za mbuzi.

“Nderitu, hii ni nini?”

“Hata mimi naiona sasa, mchungaji.”

“Ufunguo wa kanisa ni wa nani?”

“Wangu.”

“Kwa hiyo mzee, umekosa shamba mpaka unalima kwenye maji ya Bwana?”

Kanisa likacheka. Wachuka akafungua mdomo. Akisema, ataitwa mwizi mbele ya wanawake wa sukari, na ubatizo utakwenda. Akaufunga.

Nderitu akaamriwa akae nje. Wachuka akabatizwa kwa maji yale yale.

Mlangoni mzee alimpa mkono. “Karibu kundini, binti yangu.”

Akaitikia huku akitazama miguu ya mzee.

“Mmeona?” wanawake wakanong'onezana. “Ubatizo kweli hunyenyekeza. Leo hata macho hainui.”